Usipige

Fomu ya matumizi ya silaha ina vipengele kumi na viwili, na hakuna hata kimoja kinachouliza kwa nini hukufyatua. Nimeisoma mbele na nyuma. Kipengele cha kwanza kinataka jina na cheo, cha pili namba ya silaha, cha tatu umbali kwa mita. Cha saba ndicho chenye nafasi kubwa, mistari sita mizima: "Eleza sababu ya kufyatua." Mimi sikufyatua, lakini walinipa fomu hiyohiyo ya waliofyatua na kuniambia niijaze hivyohivyo.

"Andika tu: sikufyatua kwa sababu nilisita," Inspekta aliniambia. "Tia saini, nenda nyumbani ukapumzike."

Inspekta huyu alitumwa kutoka makao makuu kuja kunichunguza. Kituoni tulimbandika jina la Rula siku ileile aliyofika, maana mfukoni mwa shati lake hakosi rula ya chuma, na kila unachomwambia hukitafutia mita. Si mtu mbaya. Heri angekuwa mbaya, ningejua pa kumshika.

"Afande, sikusita," nikamjibu. "Niliamua."

Aliweka kalamu chini. "Tofauti iko wapi?"

Miaka kumi na tisa nimevaa sare hii, nimefika usajini kwa jasho langu, nimefundisha vijana wa watu kulenga shabaha, halafu nakaa kwenye kiti cha plastiki naulizwa tofauti iko wapi. Nilijisikia kupasuka. Nilijizuia kwa sababu mkuu wa kituo alikuwa mlangoni ananikonyeza ninyamaze.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa doria na koplo wangu, mwanamume mwenye kifua kama kabati, ambaye sote tunamwita Kiberiti. Jina linajieleza: ukimkwaruza kidogo tu anawaka. Lakini ana moyo mweupe, na kazini hakuna mtu niliyemwamini kumzidi. Redio ya gari ikalia. Alikuwa ni Babu wa Redio, mzee wetu wa chumba cha mawasiliano, sauti yake ikikwaruza kama kawaida.

"Nyumba za kupanga nyuma ya kiwanda cha magodoro, chumba namba tisa. Mwanamume ana panga. Anakata, anampiga mama yake. Nendeni haraka."

Kiberiti alikanyaga mafuta. "Anampiga mama yake?" alirudia. "Mama yake mzazi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mama aliyemzaa?"

Kiberiti alilelewa na mama peke yake, mama aliyefua nguo za watu mpaka kucha zikang'oka. Nilimwona anafungua kifungo cha mkoba wa bastola kabla hata hatujafika. Sitajifanya malaika, na mimi nilifungua changu.

Nyumba yenyewe ilikuwa na korido ndefu ya saruji, milango huku na huku, ndoo na viatu vimepangwa ukutani. Majirani walikuwa wamejifungia. Mwisho kabisa wa korido alisimama mwanamume mwenye ovaroli iliyochafuka kwa majani mabichi, ametupa mgongo, anakata mlango kwa panga. Vipande vya mbao vilikuwa vinaruka. Mkono wa kushoto alikuwa ameubana sikioni, na anapiga kelele mpaka sauti imemkauka: "Mama! Mama, mama yangu!"

"Polisi!" Kiberiti alinguruma, bastola zetu zote mbili ziko nje. "Tupa panga!"

Mtu yule akageuka. Panga lilikuwa juu. Macho yalikuwa mekundu, na badala ya kutupa panga akapiga hatua tatu kuja kwetu.

Hapa ndipo Rula anapotoa rula yake. Mita nane na sentimita arobaini, anasema, na mtu mwenye panga huzimaliza kwa sekunde mbili na nusu. Sawa. Nami nakubali, sekunde mbili na nusu. Lakini hakuna aliyeniuliza niliona nini ndani ya sekunde hizo, na nilichoona hakikuwa cha ajabu. Niliona mlango. Ulikuwa umefungwa, na umekatwa kwa upande wa nje, kukizunguka kitasa. Nikajiuliza swali ambalo hata mtoto wa chekechea angejiuliza: kama mama yuko ndani na yeye yuko nje, anampigaje? Niliona panga lina vumbi la mbao, halina kingine. Sikusikia sauti ya mwanamke ikilia mahali popote. Nikasema, kwa sauti niliyoitumia miaka yote uwanja wa shabaha:

"Usipige!"

Nilimwambia Kiberiti. Nilikuwa nimeshaona bega lake la kulia linashuka. Bega la Kiberiti hushuka kidogo kabla hajafyatua. Ni kasoro niliyojaribu kumtoa mwaka mzima nikashindwa, na siku ile nilishukuru kwamba nilishindwa.

Lakini lugha yetu jamani. Sisi kila kitu tunapiga. Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga chafya, tunapiga kura, tunapiga risasi na tunapiga simu, na bado tunashangaa watu wakipigana. Yule mwenye panga alidhani namwambia yeye.

"Siwezi kuacha kupiga!" alilia. "Ni mama yangu!"

Bega la Kiberiti likashuka tena.

"Usipige, nimesema!"

"Nitapiga mpaka apokee!"

Hapo ndipo akili ikafunguka. Mtu anayepigwa hapokei. Nilitazama mkono wake wa kushoto, na hicho alichokuwa amekibana sikioni kilikuwa simu. Na kabla sijafungua mdomo, simu yenyewe ikaongea, kwa sauti kubwa ya kusikika korido nzima:

"Haloo? Wewe mtoto, mbona unanipigia mara ishirini na tatu? Niko saluni, nimekaa chini ya drai, sisikii kitu! Nani huyo anakukataza usinipigie?"

Panga lilishuka. Magoti nayo yakashuka. Jitu zima la miaka arobaini likakaa sakafuni na kulia kama mtoto aliyepotezwa sokoni akapatikana. Alikuwa mkata nyasi wa bustani za watu. Mama yake ana kisukari, juzi yake alianguka bafuni, na asubuhi ile simu ikaita bila kupokelewa. Aliacha kazi, akaja mbio na kifaa kilichokuwa mkononi. Kumbe mama amejisikia nafuu, kafunga mlango wake, kaenda kutengeneza nywele.

Ingeishia hapo tungerudi kituoni tunacheka. Lakini Kiberiti alikuwa amewaka na moto hauna pa kwenda. Aliruka kumnyang'anya lile panga, lililokuwa limelala mapajani mwa mtu anayelia, akalishika vibaya, likamchana mkono kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Mkata nyasi ndiye aliyechana shati lake kumfunga kidonda, huku simu iko sakafuni inaendelea, "Haloo? Haloo?"

Basi, hesabu ya siku: hakuna aliyekufa, koplo mmoja nyuzi kumi na moja, mlango mmoja wa kubadilishwa. Siku ya tatu nikaitwa kuchunguzwa. Polisi kajeruhiwa na panga na sajini wake alikuwa na bastola mkononi hakuitumia. Makao makuu hawakuhitaji kusikia zaidi.

Kwanza nilikwenda kwa Babu wa Redio. Alikuwa na karatasi ya matukio mbele yake, kama aliyenisubiri. Jirani aliyepiga simu alisema hivi, na Babu alinirudishia neno kwa neno: ana panga, anakata mlango, anampigia mama yake hapokei.

"Laini ilikuwa inakatikakatika, mwanangu," alisema. "Mlango haukufika. Hapokei haikufika. Na ile i ndogo..." Alinionyesha kwa kidole. *Anakata, anampiga mama yake.* "Ile i sikuisikia. Nimebakiza miezi minne nistaafu, nimekuja kuua mtu kwa herufi moja."

"Hujaua mtu, Babu."

"Nimekosa tu bahati ya kuua. Itaje mbele yao. Nitajibu."

Nikaitaja. Nilimpelekea Rula ile karatasi, nikamwekea kidole pale i ilipotakiwa kuwa. Aliitazama kwa adabu, akanirudishia.

"Hilo ni la idara ya mawasiliano," alisema. "Mimi nachunguza silaha."

"Silaha ilitoka kwenye mkoba kwa sababu ya hilo neno, afande."

"Na ilipotoka, haikutumika. Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia." Kisha kwa upole, kama daktari wa meno: "Sajini, wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo."

"Walisema pia haraka haraka haina baraka."

"Walisema mengi," alijibu, akaandika kitu.

Nilipotoka pale nilitaka kupiga teke kitu, lakini kwenye veranda kulikuwa na Kiberiti tu, mkono umefungwa bendeji nyeupe, anakunywa soda. Niliomba nione maelezo yake. Alisitasita, mwisho akanipa nakala. Aliandika ukurasa mmoja, hati nzuri. *Afande alisita.* Neno "usipige" halikuwepo popote.

"Umelisahau?" nikamuuliza.

"Sijasahau." Aliangalia chupa yake. "Nimekufunika, afande."

"Umenifunika na nini? Blanketi la uongo?"

"Nisikilize basi. Nimesoma kanuni usiku mzima. Kusita ni udhaifu wa kibinadamu, unapewa onyo na kozi ya wiki mbili, mambo yamekwisha. Lakini kumzuia mwenzako kufyatua wakati mtu anakuja na panga, hilo ni kosa la nidhamu. Watakuvua mistari. Watakunyang'anya silaha. Unataka nikuandikie hilo?"

Nilikaa kando yake kwenye benchi. Hasira ilikuwa imenibana mpaka masikio yananiuma, na ubaya ni kwamba alikuwa ananipenda.

"Wewe uliona nini pale koridoni?"

"Niliona panga."

"Na mlango?"

"Mlango gani?"

"Sasa mbona hukufyatua?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini jua linatoka mashariki. "Si ulisema nisipige?"

Nyumbani nilimkuta mume wangu kwenye cherehani, pini mdomoni. Ni fundi nguo, mtu wa subira, na akiwa na pini mdomoni hawezi kunikatiza, kwa hiyo habari zangu zote humpa wakati huo. Nilipomaliza alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Neno moja tu, mke wangu. Weka saini tulale."

"Neno moja ndilo lililotupeleka kule na bastola nje."

"Lakini wewe unajua ukweli. Mimi najua. Si inatosha?"

"Haitoshi. Nikiandika nilisita, maana yake polisi mzuri angempiga risasi. Yule bwana anatembea, anakata nyasi, anamsumbua mama yake kwa simu, yote hayo kwa sababu sajini mmoja alishikwa na woga mikono ikaganda. Uhai wake utakuwa ni makosa yangu. Na watawafundisha hivyo vijana wapya, wataisoma hiyo fomu darasani, na atakayefuata hatasita."

Kisha akasema, "Na mimi nilipochelewa kukuoa, nilisita au niliamua?"

"Wewe ulisita miaka miwili. Aliyeamua ni mama yako, alipokufokea."

Alicheka, na mimi nikacheka, lakini usingizi ulinikataa.

Siku ya kikao niliweka kila kitu tayari: maelezo yangu, karatasi ya Babu, picha ya mlango. Meza ilikuwa na watatu, mkuu wa kituo katikati, Rula kulia, karani na kompyuta kushoto. Picha ya mlango iliangaliwa muda wa kupenga kamasi. Rula alisoma mita zake. Karani alikuwa ameshachapa fomu mpaka kipengele cha saba, na neno lilikuwa linanisubiri pale: *nilisita*. Ilibaki saini tu. Mkuu alinisukumia kalamu yake mwenyewe, ile nzuri.

Ndipo mlango ukagongwa, akaingia mkata nyasi na mama yake. Sikuwaita. Walisikia kwa majirani kwamba yule askari wa kike ana matatizo, wakaja kutoa ushahidi. Mama alikuwa mfupi, mnene, nywele zimetengenezwa zinang'aa, na ametembea kwa mguu kutoka kituo cha basi kwa hiyo anahema. Alikataa kiti.

"Nasema nikiwa nimesimama," alitangaza. "Mimi nilikuwa kwenye simu. Kabla sijajibu haloo, kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza, nikawa nahangaika kutoa kichwa kwenye drai. Nikasikia sauti ya mwanamke, kali, inasema usipige. Halafu tena, usipige, nimesema! Nikakasirika sana. Nikajiuliza ni nani huyu anayemkataza mwanangu asinipigie simu? Nikadhani mwanangu kapata mwanamke asiyenipenda."

Karani aliziba mdomo. Hata mkuu alicheka puani.

"Sasa nimeelezwa," mama akaendelea, na sauti ikabadilika. "Nimeelezwa kwamba ilikuwa risasi. Namshukuru huyu binti. Nimekuja kusema hilo tu."

Niliinamisha kichwa. Maskini mama wa watu, alikuwa ameniletea zawadi yenye kamba ya kunitia shingoni. Neno ambalo Kiberiti alilificha ukurasa mzima lilikuwa sasa limelala mezani mbele ya watu wote.

Rula hakuwa mjinga. Alizungusha rula yake vidoleni, na nikaona wazi anatafuta njia. Si kwa ajili yake. Kwa ajili yangu.

"Sajini," alisema taratibu. "Mama amesikia usipige. Mwanawe naye, katika maelezo yake, anasema alidhani anaambiwa yeye. Inawezekana kabisa ulikuwa unamwambia yeye. Asipige mlango. Asipige mtu. Ni amri halali kwa mshukiwa." Aliniangalia machoni. "Fikiri kabla hujajibu. Ulimwambia nani?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na lugha yetu yenyewe ndiyo iliyoufungua. Ningesema "mwanamume," ningeweka saini, wiki mbili za kozi, ningerudi kwenye gari langu. Mkuu alikuwa ananikonyeza mpaka nikamwogopea jicho. Mkata nyasi alisimama pale na ovaroli safi, amenyoa, anageuza kofia mikononi. Haelewi kinachoendelea. Alidhani amekuja kunisaidia.

"Nilimwambia koplo wangu," nikasema. "Niliona mlango, nikaamua mtu huyu hapigwi risasi, nikamwamuru koplo asipige. Mara mbili. Andikeni hivyo."

Karani akamtazama Rula. Rula akaitia rula mfukoni.

"Andika," alisema, na alionekana amechoka kuliko mimi.

Walinivua mstari mmoja nikawa koplo, sawa na Kiberiti. Silaha waliichukua. Babu wa Redio waliamua amestaafu kabla ya miezi yake kutimia, na nafasi yake, kwa kuwa nilionyesha kujali sana mambo ya mawasiliano, wakanipa mimi. Sijui kama aliyeandika barua ile alikuwa anatania. Nikaingia kwenye chumba kisicho na dirisha, simu mbili, redio moja, na kiti chenye umbo la makalio ya mtu mwingine.

Kazi niliifanya. Nilikuwa kero ya mji. "Anampiga au anampigia?" "Anakata nini, mtu au mlango?" "Kaa kwenye laini, nirudie." Watu walinitukana, wakanikatia simu, wakapiga tena. Kila ujumbe niliusoma redioni mara mbili, silabi kwa silabi, mpaka doria wakanipachika jina: Mwalimu wa Imla. Nilikubali jina. Lakini nilichokosa ni macho. Nilikuwa natuma watu kwenye milango nisiyoiona.

Mwezi wangu wa pili pale redioni, saa tano asubuhi, mwanamke akapiga simu kutoka karibu na maghala. Kuna mtu ana nondo, anapiga geti.

"Anapiga geti au anapiga mtu?"

"Geti. Anagonga afunguliwe. Lakini ana hasira, naogopa."

"Kuna mtu mwingine karibu naye?"

"Hakuna."

Niliandika yote. Gari lililokuwa karibu lilikuwa la Kiberiti. Nikashika redio: "Mwanamume ana nondo, anapiga geti la ghala, anataka kufunguliwa. Hampigi mtu. Narudia, hampigi mtu."

"Nimepokea," alisema Kiberiti. "Hampigi mtu."

Dakika sita baadaye nikasikia sauti yake tena, anaomba gari la wagonjwa. Ilikuwa sauti ambayo sikuijua. Mtu yule alikuwa mpakiaji wa palepale ghalani. Wenzake walimfungia nje kwa utani. Alifariki kabla gari halijafika.

Jioni ile Kiberiti alikuja kwenye kidirisha changu na fomu. Redio inatakiwa kujaza kipengele cha tisa, saa na ujumbe uliotumwa. Kovu la mkononi lilikuwa bado jekundu. Hakuna aliyemweka kwenye kiti cha plastiki. Rula alikuja na gari, akapima mita tano na nusu, akampa mkono, akaondoka. Robo saa.

"Nilikusikia, afande," alisema. Bado ananiita afande, ingawa sasa cheo chetu ni kimoja. "Nilikusikia vizuri kabisa."

"Sasa?"

"Aligeuka na ile nondo. Na safari hii niliangalia mlango, kama ulivyonifundisha. Niliona geti, niliona limebonyea, naapa nilijua huyu mtu anataka kuingia tu." Alikuna lile kovu. "Halafu nikaiona akilini ile meza ya kikao. Nikaona wanakuvua mstari. Hapakuwa na mtu wa kuniambia nisipige."

Nilitaka kumtukana, nilitaka kumshika mkono, na kile kidirisha kidogo hakikuruhusu lolote. Nilivuta fomu. Mistari sita ya kipengele cha saba, alikuwa ametumia mmoja, kwa hati yake nzuri. *Nilifyatua kwa sababu sikutaka kusita.*

Kipengele cha tisa nikaandika saa, kisha ujumbe wote kama ulivyokuwa, pamoja na "hampigi mtu" mara mbili. Nikagonga muhuri. Asubuhi fomu ikarudi mezani kwangu na maandishi ya penseli ya Rula pembeni, yamenyooka kama yamepigiwa mstari: *Nafasi hii ni ya maneno machache. Tafadhali fupisha. Inatosha kuandika: Ana nondo, anapiga.*

Kando yake alikuwa ameniwekea fomu mpya. Nikachukua kalamu, nikaandika upya saa, na ujumbe, neno kwa neno, mara mbili. Mstari ulipoisha nikaendelea kuandika kwenye ukingo wa karatasi, kwa herufi kubwa, mpaka nikafika kwenye "mtu."